Jinsi ya kujitengenezea Mellotron kwa deki ya kaseti na kwaya ya mtaani

Nilikuwa darasa la sita, nimekaa kwenye stuli ya kibanda cha baba karibu na Luthuli Avenue, Nairobi, nikisubiri amalize kazi twende nyumbani. Baba alikuwa ametoka kubadilisha belti ya redio kaseti ya mteja. Akachukua kaseti ya kwanza iliyokuwa karibu, akaitumbukiza ili aijaribu. Ikaingia sauti ya filimbi, lakini filimbi yenye mafua, inayoyumba kidogo kama mtu anayetembea na ndoo ya maji kichwani. Baba akasikiliza sekunde mbili, akasema, "Mota bado inavuta vibaya," akaifungua redio upya. Alihangaika nayo nusu saa nzima kabla ya kukubali kwamba redio haina neno, ni wimbo wenyewe ndivyo ulivyo.

Wimbo ule ulikuwa Strawberry Fields Forever wa Beatles, wa mwaka 1967. Na ile si filimbi. Ni Paul McCartney akibonyeza kinanda ambacho ndani yake mmejaa mikanda ya sumaku, ndugu wa ile ya kaseti, kila kibonyezo na mkanda wake. Kinanda hicho ndicho Mellotron. Siku nilipokuja kulijua hilo nilishakuwa mtu mzima, na tangu hapo sijapona. Mimi hupiga kinanda kanisani huku Kayole, na jioni za katikati ya wiki hupiga roki na vijana ambao bado tunatafuta mpiga ngoma asiyechelewa. Mellotron halisi sijawahi kuigusa. Ile iliyouzwa sana, M400, ina zaidi ya kilo 50, nami naishi ghorofa ya nne bila lifti.

Basi nikajitengenezea yangu, na hapa nakuelekeza nilivyofanya, pamoja na pale nilipoharibu.

Kwanza jua unachokiiga

Watu wengi huruka sehemu hii, halafu wanashangaa mbona sauti yao inatoka kama kinanda cha harusi. Usiruke.

Chukua M400, iliyotoka mwaka 1970. Ina vibonyezo 35. Chini ya kila kibonyezo kuna mkanda mmoja, na hedi yake ya kusomea. Mbele, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kuna ekseli ndefu ya chuma inayozungushwa na mota muda wote, hata usipopiga kitu. Ukibonyeza, kirola cha mpira kinaukandamiza mkanda kwenye ile ekseli, na kipande laini kinauegemeza kwenye hedi. Mkanda unaanza kuvutwa, sauti inatoka. Ukiachilia, springi inaurudisha mkanda mwanzo. Ukikataa kuachilia, mkanda unafika mwisho baada ya sekunde nane hivi, na sauti inakatika. Haizunguki na kurudia. Imekwisha.

Ndiyo sababu ile sauti inaishi. Kila unapobonyeza, unamsikia mtu akianza: mpiga fidla akigusisha upinde, mwimbaji akivuta pumzi. Na kwa kuwa kila noti ilirekodiwa peke yake, Do na Re si mapacha. Moja ina fidla iliyotangulia wenzake, nyingine imepanda kidogo. Baadhi ya programu za kisasa huchukua noti moja na kuinyoosha ifanye kazi ya tano, na sikio, hata lisilosoma muziki, linagundua kwamba linadanganywa.

Historia yake ni kama ya River Road, ule mtaa wa Nairobi unaosifika kwa biashara za ujanja. Harry Chamberlin wa California ndiye aliyebuni kinanda cha mikanda. Muuzaji wake, Bill Fransen, akabeba vinanda viwili hadi Uingereza mwaka 1962, akawa anatafuta mtu wa kumtengenezea hedi 70 zinazolingana. Akawapata ndugu wa familia ya Bradley waliokuwa na karakana huko Birmingham, wala hakuwaambia kwamba kitu chenyewe kina mwenyewe. Mwaka 1963 Mellotron ya kwanza ikatoka. Chamberlin alipogundua alikasirika, na mwishowe wakamalizana kwa malipo. Nilipomsimulia baba alicheka mpaka akavua miwani. Anadai kuna mtu wa namna hiyo katika kila jengo la Luthuli.

Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliipinga mashine hii, kikiogopa wapigaji watakosa kazi. Nikiangalia harusi zetu za siku hizi, mtu mmoja na kinanda kimoja pale ilipokuwa bendi ya watu wanane, sithubutu kusema walikosea.

Kabla ya kushika bisibisi, sikiliza nyimbo tatu kwa spika nzuri, si ya simu. Nights in White Satin ya Moody Blues, 1967, usikie fidla zinavyoingia kama ukungu. Mpigaji wake, Mike Pinder, aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha Mellotron chenyewe. Watcher of the Skies ya Genesis, 1972, ule mwanzo mzito wa Tony Banks. Halafu The Rain Song ya Led Zeppelin, 1973, ambapo John Paul Jones anaipiga kwa upole mpaka unasahau kwamba ni mashine. Utagundua jambo moja: hakuna hata mmoja wao anayekimbia.

Deki

Unachohitaji ni deki ya kaseti inayorekodi, yenye vitufe vya kupandisha na kushusha kiwango cha kurekodi. Hilo la vitufe lina maana. Redio kaseti ndogo hujipangia kiwango zenyewe, kwa hiyo mwimbaji akinyamaza, redio inapandisha kelele, na utapata "shhhh" inayopumua kama mgonjwa. Mimi yangu niliipata soko la Gikomba, shilingi 1,800, baada ya kuanzia 3,500 na kuondoka mara mbili.

Usinunue kabla ya kufungua mlango wa kaseti na kuangalia ndani kwa tochi ya simu. Kirola cha mpira kiwe cheusi kisicho na mng'ao. Kikiwa kinang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, kimezeeka na kinateleza. Gusa hedi kwa ncha ya ukucha: ikiwa na mfereji mkubwa, achana nayo. Kisha weka kaseti, cheza, na uangalie kigurudumu kinachopokea mkanda upande wa kulia. Kizunguke bila kusita. Mimi hapo nilizembea, na utaona kilichonipata.

Ukifika nyumbani safisha. Spiriti ya dukani na pamba kwenye kijiti, hedi kwanza, ekseli ya chuma pili, kirola mwisho. Pamba itatoka na rangi ya chai ya rangi. Badilisha, rudia, mpaka itoke nyeupe. Baba hutumia fulana kuukuu na mate. Mwache baba, wewe tumia spiriti.

Belti zikiwa zimelegea, mafundi wa Luthuli wanazo za kila ukubwa, zimening'inia kwenye msumari kama tambi. Nenda na ile ya zamani mkononi wakupimie. Usibahatishe kwa mpira wa kufungia pesa. Nimejaribu. Unashika siku mbili.

Kaseti tafuta za dakika 60. Za dakika 90 zina mkanda mwembamba zaidi, na deki nzee inaupenda mkanda mwembamba kama mbuzi anavyopenda majani ya mahindi. Kaseti za mahubiri zilizojaa kwenye makabati ya wazee zinafaa kabisa. Zile zilizovunjwa vijimeno vya juu ili zisifutwe, ziba tundu kwa selotepu na deki itakubali kurekodi. Omba ruhusa kwanza. Mzee mmoja alinipa zote isipokuwa moja aliyoirekodi mwenyewe kwenye mazishi ya kakake, na nilifurahi kwamba niliuliza.

Sauti

Unaweza kuzipakua sauti za Mellotron zikiwa tayari, na nyingine ni nzuri sana. Ila utakuwa unapiga fidla za watu waliorekodiwa ng'ambo zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Mimi nilitaka kusikia watu wa Kayole. Kama una rafiki mpiga orutu, ile fidla ya Waluo ya uzi mmoja, mrekodi. Mimi niliyekuwa naye karibu ni kwaya.

Vibonyezo 35 vya M400 vinaanzia Sol ya chini hadi Fa ya juu. Kwenye hesabu ya kompyuta, hiyo ni namba 43 hadi 77. Niligawa hivi: 43 hadi 54, noti kumi na mbili, waimbe wanaume wa besi na teno; 55 hadi 77, noti ishirini na tatu, waimbe kina mama. Sauti ya pili ianze, ya kwanza ipokee katikati, na pale wanapopokezana waimbe pamoja noti tatu hivi ili mshono usionekane sana. Kuonekana kidogo hakudhuru.

Tulirekodi Jumamosi baada ya mazoezi, kwenye ukumbi wa kanisa. Paa ni mabati, kwa hiyo kwanza tazama mawingu. Kila noti niliipiga kwenye kinanda, wakaishika kwa kuguna, nikanyamazisha kinanda, nikainua mkono. Mkono ukishuka, wote "aaa" kwa sekunde tisa. Hesabu kwa vidole waone. Tisa, si nane, ili upate nafasi ya kukata. Sema "aaa", si "ooo". "Ooo" ikipita kwenye kaseti inageuka mlio wa chupa.

Wakichoka, pumzika. Noti tano, soda, noti tano. Nilitumia kreti moja na mandazi ya shilingi 300, saa mbili na nusu. Kufikia noti ya ishirini shosho mmoja wa sauti ya pili akaniuliza, "Mwalimu, sasa huu wimbo utaanza lini?" Nikamjibu, "Shosho, wimbo ni wewe. Imba tena." Akatikisa kichwa, akaimba.

Usiwarekebishe sana. Aliyepanda kidogo mwache. Anayefuata kwa kuchelewa mwache pia, mradi asichelewe hata kuonekana amekuja kutembea.

Na sasa kosa langu. Kwa mapenzi ya kaseti, nilirekodi moja kwa moja kwenye deki. Hakuna laptopu, hakuna simu. Nilijiona wa kale kweli kweli. Tulipofika kina mama wanaimba Sol, kile kigurudumu cha kulia kilisita, nami sikusikia kwa sababu nilikuwa nahesabu vidole. Deki ilikula mkanda kuanzia Sol hadi Si. Nilipofungua mlango ulitoka umekunjamana kama ukili ambao haujasukwa. Niliuviringisha kwa kalamu ya biro usiku kucha, lakini palipokunjwa pamekunjwa. Tulipokutana tena kurudia zile noti, shosho alikuwa ameshaenda ocha, kijijini. Kwa hiyo hadi leo, kwenye Mellotron yangu, Sol hadi Si hazina sauti yake, na mimi naisikia ikitoka chumbani na kurudi.

Wewe rekodi kwanza kwenye laptopu au simu yenye maiki nzuri, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Hifadhi nakala mbili. Ndipo umpelekee deki.

Kupitisha kwenye mkanda, na kurudisha

Unganisha tundu la spika la laptopu kwenye tundu la kuingilia la deki. Zima arifa zote, la sivyo ujumbe wa kikundi cha chama utaingia kwenye Mellotron yako na kukaa humo milele. Mwanzoni mwa kaseti rekodi mlio wa La, hezi 440, kwa sekunde kumi. Kisha noti zote kwa mpangilio, ukiacha sekunde mbili za ukimya katikati.

Kiwango panga hivi: mshale uguse wekundu noti zinapofika kilele, usilale humo. Mkanda ukijazwa kidogo kupita kiasi hubana sauti kwa namna ya kupendeza, wale kina mama kumi wanakuwa kama kitambaa kimoja. Ukijazwa zaidi ya hapo unapata kelele za kondakta wa matatu. Mkanda wa Mellotron hukimbia sentimita 19 kwa sekunde. Wa kaseti yako, 4.76. Maana yake sauti yako itakuwa na ukungu zaidi na itayumba zaidi kuliko ya wazungu. Nilidhani hilo litanisumbua. Sasa nikisikia zile safi naona kama zimepigwa pasi.

Rudisha kwa deki ile ile. Deki mbili hazikimbii sawa, na noti zote zitashuka au kupanda. Ule mlio wa 440 ndio kipimo chako: ukirudi ukiwa umepotoka, sahihisha faili nzima kwa pamoja, si noti moja moja. Ukinyoosha noti moja moja umefuta kazi yote ya kaseti.

Kukata, mimi hutumia Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo ni ya bure. Kata kila noti iwe na sekunde nane, na kila moja uipe jina la namba yake: 43.wav, 44.wav, mpaka 77.wav. Mwanzoni usikate kwa kubana. Acha ule mvuto wa pumzi. Mwishoni kata kavu, usififishe. Mkanda hauagi.

Kisha pakua sforzando, programu ya kupigia faili za sauti kwa kinanda, nayo ni ya bure, na uandike faili ya maandishi matupu yenye mwisho wa .sfz, uiweke folda moja na zile noti. Ndani yake andika:

<global> loop_mode=no_loop amp_veltrack=0 ampeg_release=0.08
<region> sample=43.wav key=43
<region> sample=44.wav key=44

na uendelee hivyo mpaka 77. Mstari wa kwanza ndio wenye siri. La kwanza linazuia sauti kujirudia. La pili linafanya kugonga kwa nguvu na kugusa kwa upole kutoe sauti ile ile, kwa sababu Mellotron haikuundwa kujali hasira zako. La tatu linakata sauti karibu papo hapo unapoinua kidole.

Kupiga

Ng'oa pedali ya kushikilia noti. Iweke chini ya kitanda. Kama una pedali ya sauti, ile ya kupandisha na kushusha, hiyo ndiyo mguu wako sasa.

Hesabu ulichonacho. Wimbo wa mapigo 60 kwa dakika, sekunde nane ni mapigo nane, yaani vipimo viwili vya nne. Kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ikihitaji kukaa zaidi ya hapo, usibonyeze vidole vyote kwa pamoja. Bonyeza cha chini, kisha cha kati, kisha cha juu, na cha chini kikikaribia kuisha badilisha, chukua noti hiyo hiyo oktavu ya juu au jirani yake ndani ya kodi. Vidole vinatambaa kama buibui, na kodi haikatiki. Ukiinua kidole, usikirudishe pale pale haraka. Kwenye mashine halisi mkanda ungekuwa bado unarudi nyumbani. Kompyuta itakuruhusu, lakini msikilizaji atanusa kompyuta.

Mkono wa kushoto upumzike. Mpiga besi yupo, mwache ale mshahara wake.

Siku ya kwanza niliipeleka kwa wale vijana wa roki, tukapiga polepole, gitaa likanyamaza nikabaki peke yangu na kwaya ya Kayole kwenye chumba cha mabati. Stima ikapotea katikati. Laptopu ina betri, kwa hiyo noti ziliendelea kutoka kwenye kile kispika chake kidogo, nyembamba kama redio ya jirani, na hakuna aliyewasha tochi mpaka nilipomaliza.

Kuna kibonyezo kimoja ambacho huwa sikishiki hadi mwisho, Re ya katikati, namba 62. Kwenye sekunde ya saba shosho anakohoa. Kikohozi kidogo, cha adabu, cha mtu aliyeziba mdomo na leso. Ningeweza kukikata kwa dakika moja. Jumapili iliyopita wakati wa sadaka nilijisahau, nikaishika ile Re kupita kiasi, kikatoka kwenye spika zote nne za kanisa. Shosho, aliyekwisha kurudi kutoka ocha na ameketi safu ya pili, akageuka nyuma kutafuta ni nani anakohoa.